Mikono ya Mama Peris Nangila, Mshika Kamba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Mama Peris Nangila anastaafu baada ya kulitumikia Ghala la Nafaka la Neema, hapa Kitale, kwa miaka thelathini na miwili na karibu miezi minne. Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 4 Machi 1974, akiwa mfagiaji. Anaondoka akiwa mshika kamba. Katika orodha ya vyeo iliyobandikwa nje ya ofisi ya wafanyakazi, cheo hicho kiko mstari wa mwisho, chini ya mtunza maua, na kwa miaka saba kimeandikwa "mshika kampa". Hakuna aliyejisumbua kukisahihisha. Kwa hiyo tutaanza kwa kuieleza kazi yenyewe, kwa faida ya wale waliokaa ofisini muda mrefu bila kuijua.

Mahindi yetu huwekwa ndani ya sailo, yale maghala marefu ya mviringo ambayo mtu anayetoka eneo la Kwanza huyaona kabla hajauona mji. Mahindi yakiingia na unyevu, ya juu hushikana na kufanya ukoko, kama ule wa ugali uliosahauliwa motoni. Chini ya ukoko mahindi yanaendelea kutolewa, na shimo linajichimba polepole. Ukitazama kutoka juu unaona sakafu nzuri ya manjano. Si sakafu. Mtu akiikanyaga ikavunjika, mahindi humeza haraka kuliko maji, na hakuna aliyewahi kuogelea ndani ya mahindi. Hata hivyo, lazima mtu ateremke na mti mrefu akavunje ukoko huo. Anateremka akiwa amefungwa kamba, na mwisho wa kamba uko mikononi mwa mtu aliyekaa mlangoni, juu kabisa. Mtu huyo huongeza kamba na kuivuta kwa kila hatua ya mwenzake, isilegee hata kidogo. Huyo ndiye mshika kamba. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mama amekaa juu ya ndoo akipunga upepo, na ndivyo walivyomwona mameneja wanne mfululizo.

Mama Peris alizaliwa Myanga, Bungoma, mwaka wa 1951. Mwaka wa 1981, mshika kamba wa wakati huo alikwenda kunywa chai mtu akiwa chini. Mama Peris, aliyekuwa akifagia vumbi hapo mlangoni, aliweka ufagio akaishika kamba. Yule bwana aliporudi na kikombe alimwambia, "Haya, lete." Akajibiwa, "Maliza chai yako kwanza." Inaonekana bado anaimaliza, maana kamba hakuipata tena.

Jambo la kwanza alilolifanya kazini ni kupiga marufuku neno "sawa". Wengi walicheka, na wengine wanacheka hadi leo, kwa hiyo tueleze polepole. Kwetu huku "sawa" ni nimesikia. Ni nimekubali. Ni sikukubali lakini sitaki maneno. Ni nitafanya kesho, na ni sijaelewa lakini naona haya kuuliza. Neno linalobeba mizigo yote hiyo halifai kuaminiwa na mtu anayening'inia. Mama Peris aliruhusu maneno matatu tu. "Kaa", maana yake kaza kamba unishike hapo hapo. "Vuta", maana yake inua. "Ongeza", maana yake nipe kamba zaidi. Alikuwa amelifikiria "legeza" akalikataa, kwa sababu watu wa Bungoma wangeliita "rekesa", jirani zao wangeliita "regeza", na ubishi wa matamshi ungeanza mtu akiwa shimoni. Maneno yake matatu, "kaa" ikiitwa kwa mkupuo mmoja, yana pigo moja, mawili na matatu. Hata upepo ukila herufi zote, unahesabu mapigo. Na mwenye kamba hajibu "sawa". Anarudia neno lile lile aliloambiwa, ili aliye chini ajue limefika na limefika zima.

Kwa sheria hiyo, kwa miaka ishirini na mitano, kila aliyeteremka akiwa mikononi mwake alipanda tena.

Sasa tuje kwenye mawe, ambayo yalimpa furaha kubwa na kuwapa majirani mazungumzo. Kila mwaka sailo zikishafungwa kuna miezi ambayo hakuna anayeteremka, na mikono hulainika. Mwaka wa 2001, Jerono, mpimaji wetu wa unyevu wa mahindi, alisema kwamba juu ya shamba la mjomba wake karibu na Kapsokwony kuna mwamba uliosimama wima kama ukuta wa kanisa. Kwa nini wasiende kufanyia mazoezi huko? Walikwenda watatu: Mama Peris, Jerono, na Kimotho, fundi wa mitambo, ambaye familia yake inalima Kwanza. Walibeba kamba ya zamani ya nailoni, mikanda ya sailo, kofia ngumu mbili na chupa ya chai. Waliporudi jioni, Kimotho alikuwa amechubuka magoti yote mawili na alikuwa anacheka peke yake. Jumamosi iliyofuata walikuwa watano. Mwaka uliofuata walijiunga na walimu wawili kutoka Bungoma waliokuwa wakipanda mawe ya Sang'alo, na kundi likawa la watu kumi na mmoja.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kamba ilipitishwa kwenye pete ya chuma iliyofungwa mtini juu ya mwamba, ncha moja kwa anayepanda, ncha nyingine kwa anayemshika hapo chini. Mmoja anapanda, mmoja anashika, waliobaki wanakula viazi vitamu na kutoa ushauri ambao haukuombwa. "Mguu wa kushoto, Kimotho! Kushoto! Kwani kushoto kwenu ni wapi?" Kimotho angejibu kutoka juu, "Mwalimu, hii ni jiwe, si ubao. Kula kiazi yako." Mtu aliyeogopa hakuchekwa kwa kuogopa. Alichekwa kwa mambo mengine, suruali kwa mfano. Aliyekwama alisubiriwa mpaka akwamuke, hata kama ni saa nzima, na hakuna aliyetazama saa. Hao ni watu ambao siku za kazi hawasubiri hata chapati iive upande wa pili.

Mjini lakini kulikuwa na wataalamu. Wataalamu wa Kitale hawana haja ya kuuona mwamba ili wautolee maoni. Sokoni walisema, "Mama mzima, ati anaenda kufunga watu kamba kwa mawe. Kwani wamekuwa mbuzi?" Mhasibu wetu mmoja alieleza wakati wa chai kwamba lazima wamepata madini, kwa sababu mtu mweusi hawezi kupanda jiwe bure. Kanisani mwake mzee fulani aliomba kwa sauti kwamba Bwana awarudishe kundini wanaotangatanga milimani, akasahau kwamba Maandiko yana milima mingi na watu wema wengi juu yake. Mama Peris alisema tu kwamba wale wote angewafunga kamba bila shida, ila mdomo hauna mahali pa kufungia mkanda.

Waliobaki walimsimanga kwa jambo lingine: kwamba katika miaka hiyo yote hakupanda yeye mwenyewe hata hatua moja. Alikaa chini akashika. Akiulizwa alisema, "Mpishi naye lazima aonje kila sufuria?"

Jumamosi, tarehe 21 Februari 2004, alikuja mgeni. Aliitwa Levi Wekoye, mwana wa Bungoma aliyefanya kazi Nairobi na kujifunza kupanda miamba huko. Alikuja na viatu maalumu vya rangi ya machungwa, kamba ya bluu, kamera, na chuma kidogo cha kushikia kamba kilichong'aa kama kijiko cha arusi. Hatusemi kwamba vitu vizuri ni vibaya. Tunasema kwamba kijiko hakipiki. Mama Peris alimfundisha yale maneno matatu. Levi alicheka sana.

"Sasa hii ni kwaya ama ni kupanda mawe, bana? Unaimba, mwenzako anaitikia?"

"Ndiyo hivyo, baba. Ukiambiwa kaa, unasema kaa."

"Sawa, Mama."

"Si sawa. Sema kaa."

"Haya, kaa, kaa, kaa. Umefurahi?"

Hapo ndipo Mama Peris alipofanya kosa lake moja ambalo sisi tunalijua, na amelikiri mbele ya kila mtu, jambo ambalo ofisi yetu haijawahi kulifanya kwa kosa lolote. Mgeni kwao hupewa heshima. Alimpa Levi heshima ya kumshika Kimotho.

Kimotho alipanda vizuri hadi juu, urefu wa nyumba ya orofa tatu. Alipofika aliita "Kaa!", kama alivyoita mara mia, ili ashikwe, aegemee nyuma na kuteremshwa. Levi alisikia "kaa" akadhani Kimotho anasema kwamba amekaa kitako huko juu anapumzika. Akajibu, "Sawa!" Akaitoa kamba kwenye kile chuma chake, akachukua kamera apige picha.

Kimotho hakulisikia neno lenyewe kwa sababu ya upepo. Alisikia mapigo mawili badala ya moja, akashtuka, lakini mwili ulikuwa umeshaegemea.

Mama Peris alikuwa nyuma ya Levi akikunja mkia wa kamba. Alilisikia lile "sawa" na hakusubiri kuona. Aliizungusha kamba kiunoni akaikamata kwa mikono mitupu. Ilipita viganjani kama moto mpaka ikakubali kusimama, na Kimotho akasimama nayo, akining'inia hatua sita chini ya pale alipoanza kuanguka.

"Mama, mikono yako!" Jerono alipiga kelele.

"Kwanza ashuke," alisema Mama Peris. "Mikono haiendi mahali." Akamteremsha taratibu, mkono baada ya mkono, na kamba ikiwa na damu. Levi alikaa chini akalia. Tumtendee haki: tangu siku hiyo amerudi mara nyingi, anarudia neno aliloambiwa kwa sauti kubwa kuliko wote, na viatu vyake vimepauka. Mama Peris hakumtukana. Alisema tu, viganja vikiwa vimefungwa leso ya Jerono, "Kosa ni langu. Mgeni hupewa firigisi ya kuku. Hapewi kamba."

Basi wale wanaonung'unika kwamba Mama Peris ana maringo, kwamba tangu mwaka ule anasalimia kwa kuinamisha kichwa na hatoi mkono, sasa wamejua. Viganja vile havijanyooka vizuri hadi leo. Wanaweza kuendelea kunung'unika, ila wafanye hivyo kwa ujuzi.

Ofisi ilimpa barua. Barua ya onyo, kwa "majeraha ya kujitakia nje ya saa za kazi". Akakaa nyumbani wiki tano. Kwa wiki hizo tano wakubwa waligundua jambo la ajabu, kwamba kamba inaweza kufungwa kwenye bomba la chuma lililo karibu na mlango wa sailo, na bomba halidai likizo. Tunakiri kwamba bomba lina nguvu. Lakini bomba halijui mtu amepiga hatua. Kamba iliyofungwa bombani ama ni fupi na kazi haifanyiki, ama ni ndefu na imelegea. Mwezi wa Machi, Wanjala, mvunja ukoko wetu, alizama hadi kifuani kamba ikiwa bado imelala juu ya mahindi kama nyoka aliyeshiba. Watu wanane walimchimbua kwa vibao na mikono kwa dakika arobaini. Alipotoka hakuweza kusema mpaka jioni. Ripoti iliandika kwamba "mfanyakazi alipata usumbufu".

Mama Peris alirudi kazini viganja vikiwa bado vyekundu, na bomba likaachwa lifanye kazi ya bomba.

Mnamo Mei mwaka huu, ofisi ilitangaza kwamba akistaafu, cheo chake nacho kitastaafu. Kamba itafungwa bombani. Mama Peris alipanda ngazi kwenda kwa Meneja, na sisi tulikuwepo tukiandika kumbukumbu.

"Mama, kwani bomba lina shida gani?" Meneja aliuliza kwa upole.

"Halina shida. Halina masikio pia. Nimekuja kuomba Jerono apewe kazi yangu. Nimemfundisha miaka mitano."

"Jerono huyu mdogo? Ana kilo ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Na Wanjala ana tisini! Mama, si atarushwa kama kuku?"

"Kushika ni kukaa vizuri. Si kilo."

"Sawa, Mama. Tumekusikia."

"Mmesikia nini?"

Meneja alitazama dirishani. "Si umesema... mambo ya kamba."

Kumbukumbu za mkutano, baada ya kusahihishwa na wakubwa, zinasema kwamba suala la kamba lilijadiliwa kwa kina.

Shida iliyobaki haikuwa Meneja. Ilikuwa Wanjala. Yeye ndiye anayeteremka, na tangu Machi ile alikuwa akiteremka kwa mikono ya mtu mmoja tu. Alimwambia Jerono waziwazi, bila ubaya, "Dada yangu, wewe nakupenda, lakini mimi nina watoto wanne. Mama akienda, na mimi nimeenda. Nitauza nyanya." Aliyeketi karibu na Jerono anasema kwamba siku hiyo Jerono alipima gunia moja mara tatu. Bila Wanjala, ofisi ingemtia shimoni kibarua yeyote wa kutwa asiyejua ukoko ni nini, akiwa amefungwa bombani. Sisi sote tulijua mwisho wake.

Jumamosi, tarehe 17 Juni, kundi lilikwenda Kapsokwony kumuaga Mama Peris. Alimwalika Wanjala, ambaye hajawahi kupenda mawe, akaja amevaa viatu vya kanisani. Walipofika, Mama Peris alichukua mkanda akajifunga yeye mwenyewe. Viazi vikabaki mikononi, hata mwa walimu.

"Mama, unaenda wapi?" aliuliza Kimotho.

"Juu. Jerono, shika."

Alikuwa na miaka hamsini na mitano na kilo themanini na mbili, na mikono isiyofunga ngumi. Jerono alitafuta jiwe lililozama ardhini, akakaa nyuma yake, akakita miguu yote miwili. Mama Peris alipanda kwa muda mrefu mno. Alitumia viwiko, magoti, na mara moja, tunaripoti kwa heshima, kidevu. Hakuna aliyetoa ushauri. Katikati alipumzika hadi Kimotho akaanza kuomba kwa Kikuyu. Lakini kamba haikulegea hata upana wa kidole. Kila alipojisogeza, ilimfuata. Karibu saa saba na nusu, kabla ya mvua ya mchana, alishika ukingo wa juu, akageuza uso.

"Kaa!"

"Kaa!" Jerono aliitikia.

Mama Peris hakutazama chini. Aliachia mwamba kwa mikono yote miwili, akainyoosha pembeni kama mtu anayekaushwa na jua, akaegemea hewani kwa uzito wake wote. Jerono aliinuka ardhini kiasi cha upana wa kiganja, miguu yake ikasukuma lile jiwe, kisha akatulia. Akamteremsha. Mama Peris aligusa udongo. Alivishika viganja vya Jerono akavigeuza kwenye mwanga, akavikagua kimoja kimoja, na havikuwa hata na wekundu. Kisha akauliza chai iko wapi.

Wanjala alikuwa amesimama kando, viatu vyake vya kanisani vimejaa matope. Alimtazama Jerono muda mrefu. "Dada," alisema, "Jumatatu naingia sailo ya pili. Ukoko wake ni mbaya. Usichelewe."

Jumatatu aliingia, Jerono akashika. Ofisi ilipoona kwamba hakuna atakayekubali bomba hata kwa barua ya onyo, iligundua ghafla kwamba wazo la kumpa Jerono kazi hiyo lilikuwa lake tangu awali. Barua ilitoka Jumatano. Inamwita "kaimu mshika kampa wa majaribio", makosa yakiwa yamehifadhiwa kwa uaminifu. Jerono ameibandika ukutani. Tumeambiwa pia kwamba ofisi itamzawadia Mama Peris saa ya ukutani. Tunaishukuru. Atakuwa mtu wa kwanza kupewa saa siku ile ile ambayo hana haja nayo.

Kwa niaba ya kila mtu aliyewahi kuteremka akapanda tena, kwa niaba ya Kimotho, Wanjala na watoto wao, na kwa niaba ya kundi la Jumamosi ambalo halina barua wala muhuri, tunakushukuru, Mama Peris. Nenda salama Myanga. Karanga zako shambani zikubali, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na usiku ulale usingizi wa mtu ambaye hana mwenzake anayening'inia mikononi mwake.